Kisu cha Dhahabu na Upanga wa Feleji



Mwezi huu kisu cha nyumbani hakina mapumziko. Tangu alasiri kinakata vitunguu vya sambusa, kinamenya mihogo, kinapasua tikiti maji, na adhana ya Magharibi ikikaribia utasikia sauti ya mama kutoka jikoni: "Kisu hiki nani amekifanya hivi? Hakikati hata nyanya!" Na nyanya, wajua mwenyewe, ndiyo inayokifedhehesha kisu butu. Haikatwi, inapondwa.

Basi wacha nikusimulie jambo lililotupata Idd ya mfungo tatu iliyopita, manake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vijana wa mtaani kwetu tulichangishana tukanunua mbuzi wanne wa kuchinja. Mwenzetu mmoja akaja na kisu kipya, rangi ya dhahabu tupu kutoka mpini hadi ncha, ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Dukani ameambiwa ati hakitaki kunolewa maisha. Mzee tuliyemwomba atuchinjie akakishika, akakigeuza huku na huku, akakijaribu kwa karatasi. Kikapita. Akachinja mbuzi wa kwanza, mambo sawa. Wa pili pia sawa. Kabla ya wa tatu akakipitisha juu ya ukucha wake pole pole, akatikisa kichwa, akaturudishia.

Sisi tukakimbilia kinoo nyuma ya nyumba. Sugua mara kumi, mara ishirini, dhahabu ikaanza kutoka pale kwenye makali, na chini yake kuna chuma cheupe tu kama cha kijiko. Na bado hakikati! Mzee akamtuma mjukuu wake akamletee kisu chake yeye. Kilipokuja tulitazamana. Kisu cheusi, kina mabaka, mpini umefungwa waya, kilifuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori bovu. Kikamaliza mbuzi wawili waliobaki bila kuguswa jiwe.

"Nyinyi mwanunua rangi," akatuambia huku akikipangusa. "Chuma hamukiulizi."

Neno hilo lilinikaa. Nikaanza kusoma, na kumbe swali la mzee, yaani hiki ni chuma gani, Waislamu wenzetu walikuwa wakiliuliza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tena kwa undani wa kushangaza. Na sehemu ya jibu inapita hapa hapa pwani yetu.

Twende Baghdad, karne ya tatu ya Hijria. Khalifa ni al-Mu'tasim, aliyetawala kuanzia mwaka 833 hadi 842 wa Miladi. Mtaalamu mmoja wa zama hizo, al-Kindi, ambaye wengi wetu tumefundishwa madrasani kuwa ni mwanafalsafa na mtu wa hesabu, alimwandikia Khalifa huyo risala nzima kuhusu panga. Ukidhani ni hadithi za mashujaa umekosea. Ameandika kama fundi. Anaeleza chuma kiko namna gani, kinatoka wapi, rangi yake ikoje, upanga wa nchi fulani utautambua vipi ukiushika mkononi.

Al-Kindi anasema chuma kitokacho machimboni kiko cha namna mbili. Kuna shaburqan, kigumu, anachokiita dume, na kuna narmahan, kile laini, jike. Halafu kuna cha tatu ambacho hakichimbwi bali hufanywa na binadamu, nacho ni fuladh, pua. Panga bora kabisa aliziita atiq, na akaeleza kwamba neno hilo hapa halimaanishi ukongwe wa miaka bali ubora wa asili. Ndani ya daraja hilo akaweka za Yemen na za India. Sifa ya India ilikuwa imeenea mno hata Waarabu, tangu kabla ya Uislamu, wana neno moja la upanga wa chuma cha India: muhannad. Nasi Waswahili tunalo letu. Fungua kamusi utafute "feleji": ni pua ya hali ya juu, na upanga wa feleji ni ule mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili.

Hebu tufafanue kidogo, manake bila hapa huko mbele utapotea. Chuma kitupu ni laini, msumari wa kawaida waweza kuukunja kwa nyundo bila jasho. Kinachokigeuza kuwa pua ni kaboni, kitu kile kile kilichoko kwenye makaa. Ikizidi sana, ikapita asilimia 2, unapata chuma cha kusubu, ambacho ukikiangusha sakafuni chaweza kupasuka kama kigae. Katikati ndipo pua ilipo. Springi ya lori ina kaboni kama asilimia 0.6. Feleji ya India ilikuwa na karibu asilimia 1.5. Kijiko cha kulia wali kina kidogo mno, na ndiyo maana chuma cha kijiko hata ukipashe moto na kukitumbukiza majini mara mia, hakigeuki kuwa kisu.

Cha pua hubadilika. Mhunzi hukipasha mpaka kiwe chekundu, akakizamisha ghafla kwenye maji au mafuta. Hapo kimekuwa kigumu kama glasi, na kama glasi, kinavunjika. Kwa hivyo hukirudisha kwenye moto mdogo, akikitazama bila kupepesa macho, mpaka juu yake itokee rangi ya nyasi kavu. Akichelewa kidogo inageuka hudhurungi, kisha buluu, na ugumu unapungua. Rangi hiyo ina maana yake, lakini si ya kununuliwa dukani.

Sasa, chuma hicho cha India kilitoka wapi? Kingi kilitoka huko huko. Lakini mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake kule Sicily, kwenye makao ya Mfalme Roger wa Pili. Yeye mwenyewe hakufika kwetu, aliandika aliyoyapata kwa wasafiri. Anasema watu wa Malindi wana machimbo ya chuma, na chuma ndiyo biashara inayowapa faida kubwa kuliko zote. Mombasa nayo anaitaja, kwamba watu wake wanafanya kazi ya chuma na kuwinda chui. Na kuhusu Sofala, kule Msumbiji ya leo, anasema merikebu zinakuja kutoka visiwa vya mashariki ya mbali, zinapakia chuma na kukipeleka India, ambako kinauzwa kwa bei nzuri, kwa kuwa ingawa Wahindi wana machimbo yao, hiki cha Sofala ni kizuri na chepesi kufuliwa.

Soma hapo tena ndugu yangu. Chepesi kufuliwa, yaani laini. Mtu asiyejua kazi atasema basi hakifai. Lakini chuma laini kilicho safi ndicho hasa mfanyaji feleji anachokitafuta, kwa kuwa ugumu atautia yeye. Sisi tumezoea kusikia kwamba pwani yetu iliuza pembe, dhahabu na mikoko, basi. Chuma hatukitaji! Na waakiolojia wamekuta taka za kuyeyushia chuma Manda, Shanga na Galu, karibu na Diani. Mtaalamu wa Kenya, Chapurukha Kusimba, pamoja na wenzake, walipochunguza vyuma vya magofu ya pwani mwaka 1994 waliripoti hata pua ya aina ile ya chungu kutoka Galu. Na "machimbo" yenyewe huenda usiyaone ukiyatafuta kwa macho ya leo, kwa sababu wahunzi wetu waliweza kuutumia ule mchanga mweusi mzito wa ufuoni, ambao ukipitisha sumaku juu yake unaruka.

Pua ya chungu ilifanywaje? Vipande vya chuma laini viliwekwa ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vijiti na majani mabichi, mdomo ukazibwa, kikatiwa motoni masaa mengi. Majani yanaungua bila hewa, kaboni inaingia kwenye chuma, chuma kinayeyuka. Kikipoa taratibu, ukivunja chungu unapata donge la kujaa kiganja. Kazi hiyo ilifanywa kusini mwa India na Sri Lanka. Tena haikuwa kazi ya Wahindi peke yao. Kule Merv, mji wa Waislamu ulioko Turkmenistan ya leo, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua karakana ya namna hii ya karne ya tisa hadi ya kumi.

Na kuna jambo moja la Sri Lanka lililonifurahisha sana. Mwaka 1996 mtafiti Gill Juleff aliandika kuhusu tanuri za kale zilizojengwa milimani, mahali panapoitwa Samanalawewa, zikielekezwa upande wa magharibi. Hazikuwa na mivukuto. Zilivuviwa na upepo wenyewe wa msimu, kuanzia karne ya saba hadi ya kumi na moja, na zilipojengwa nyingine kwa mfano wake zikatoa pua ya kweli. Upepo gani huo? Ni huu huu kusi wetu! Upepo uliojaza tanga za majahazi kutoka pwani hii kwenda India ndio uliopuliza makaa ya Sarandib. Subhanallah.

Upanga uliofuliwa kutokana na donge lile ulikuwa na alama juu ya ubapa wake, mawimbi mawimbi kama maji yanayotiririka mchangani. Waarabu waliziita jawhar, neno lile lile la johari yetu. Wazungu walizikuta kwa Waislamu wa Sham na wakaziita za Damascus. Lakini johari hii haikupakwa. Ilikuwa ni chuma chenyewe: chembe ngumu sana za kaboni na chuma zimejipanga safu safu ndani ya chuma laini zaidi. Ukisugua upanga mpaka alama zifutike, ukautia tindikali kidogo, alama zinarudi. Mwaka 1998 John Verhoeven, mtaalamu wa madini, pamoja na fundi wa visu Alfred Pendray, walieleza kwamba safu zile zinahitaji uchafu kidogo tu wa madini kama vanadiamu ndani ya chuma, hata chini ya sehemu moja kwa elfu. Wakaona ya kwamba chuma cha namna hiyo kilipokosekana, mafundi walifanya kila kitu kama walivyofundishwa na baba zao, na johari haikutoka. Kufikia karne ya kumi na tisa ufundi ulikuwa umekufa.

Hapa nikutahadharishe. Barazani utasikia kwamba Sultani Salahuddin alirusha kitambaa cha hariri hewani akakikata vipande viwili mbele ya Mfalme Richard wa Uingereza. Kisa hicho kilitungwa na Walter Scott katika riwaya aliyoitoa mwaka 1825. Salahuddin na Richard hawakukutana hata siku moja. Lakini riwaya yenyewe ina jambo: Richard anakata rungu la chuma kwa upanga wake mzito, Salahuddin anakata hariri kwa wake mwembamba. Ukiwabadilishia silaha wote wawili wanaaibika.

Hilo wataalamu wetu walilijua mapema. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, anaeleza katika kitabu chake cha madini kwamba Warusi wa zamani walifua panga zao kwa kuchanganya chuma kigumu na laini, maana fuladh tupu haikustahimili baridi kali ya kwao, ilivunjika. Kwa hivyo hata feleji, pamoja na sifa zote hizo, haikuwa bora kila mahali. Kigumu zaidi hukata muda mrefu, na kilaini kidogo hustahimili kugongwa. Vyote viwili kwa ukamilifu hupati, lazima ujue wakitakia nini.

Na hapo ndipo inapoingia pembe ya makali, jambo ambalo nadhani tunalipuuza kuliko yote. Chukua karatasi, pembe yake ni nyuzi 90. Ikunje nusu, 45. Ikunje tena, ni kama 22. Kisu cha jikoni ukikilaza juu ya jiwe kwa kiasi hicho cha pili, au nyuzi 20, kila upande, kitakufaa kwa shughuli nyingi. Panga la kukatia kuni lataka 25 au 30. Wembe wa kinyozi, ule wa kukunja, pande zote mbili kwa jumla ni kama nyuzi 16 au 17 tu.

Wengi wanaamini makali membamba huisha upesi. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini Sheffield, Uingereza, kuna mashine inayopima visu kwa kukatisha kadi ngumu zenye chembe za mchanga, kwenda na kurudi, ikihesabu kadi ngapi zimekatika. Majaribio ya namna hiyo yameonyesha kinyume: chuma kikiwa kigumu vya kutosha, pembe nyembamba hukata kwa muda mrefu zaidi, maana hata ncha ya makali ikilika, nyuma yake bado kwembamba. Hatari yake ni nyingine. Ikigonga mfupa inameguka na kuacha mapengo, au chuma kikiwa laini, makali yanalala upande. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walionyesha kwamba hata unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, huweza kumegua makali yake pale unapojikunja na kuyasukuma kwa ubavu. Sasa fikiria sisi tunavyokusanya vitunguu ubaoni kwa kukwangua na makali! Geuza kisu, tumia mgongo.

Kisu cha kuchinjia kinapita ngozi, koo na mishipa, mfupa hakiugusi. Kwa hivyo chaweza kunolewa kwa pembe nyembamba, kama nyuzi 15 kila upande, kwa jiwe laini, na kisitumike kwa kazi nyingine. Ukikitumia kisu hicho hicho kukatakata mbavu baadaye, mwaka ujao utachinja kwa msumeno. Nawe wajua agizo lililopokewa na Shaddad bin Aws, lililomo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alituamuru tuchinje kwa wema, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mnyama aliyekwisha kulazwa. Maana yake kisu kiwe tayari kabla. Sisi siku ile tulikuwa tukisugua kinoo nyuma ya nyumba na mbuzi wa watu wamefungwa, wanangoja. Nikikumbuka naona haya.

Turudi kwenye dhahabu. Je, kupaka kisu ni udanganyifu? La, tusiende huko. Wazee walipaka mafuta panga na majambia kabla ya kuyatia alani, na kwa hewa yetu hii ya chumvi walikuwa na haki. Pua yenye kaboni hushika kutu haraka, na kutu hula makali kimya kimya hata kisu kikiwa kimelala. Mwaka 1913, huko huko Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika, akasubu kimoja chenye kromiamu karibu asilimia 13. Akagundua hata siki haikili. Ndiyo stenlesi hiyo. Kromiamu ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana, na ukiukwaruza unajirudisha wenyewe. Ni mpako unaojipaka! Lakini watengenezaji visu wa mji ule walimcheka mwanzoni, wakisema amevumbua kisu kisichokata. Kaboni yake ilikuwa asilimia 0.24 tu, na mafundi walikuwa hawajajua kukipasha moto inavyotakiwa.

Dhahabu ya siku hizi aghalabu ni titaniamu naitraidi. Ni kitu kigumu kweli, kigumu kuliko pua yoyote ya kisu, na kwenye biti za drili kinasaidia sana. Ila unene wake ni maikroni chache tu, na unywele wako una kama 70. Kisu kikinolewa pande zote mbili, jiwe linauondoa mahali pale pale unapouhitaji, na kuanzia siku hiyo unakata kwa kile kilicho chini. Wenye akili huacha mpako upande mmoja tu na kunoa upande wa pili, ili upande laini ulike kwanza na ule mgumu ubaki umechongoka. Panya amepewa meno ya namna hiyo na Mola wake, ugumu mbele, ulaini nyuma, ndiyo maana hayaishi ukali. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Na chini ya dhahabu yetu palikuwa na kijiko.

Mwaka huu hatungoji. Ramadhan ikiisha, mfungo tatu hauko mbali. Tayari tumempelekea mhunzi vipande viwili vya springi, na mzee amekubali kutuonyesha kunoa, Jumamosi baada ya Alasiri, kila mtu aje na jiwe lake. Kile cha dhahabu mwenzetu alimpa mama yake. Kiko jikoni kwao, kinakata ndimu za futari, na kwa ndimu, wallahi, hakina mfano, maana kile cha springi ukikatia ndimu ukakisahau usiku mmoja, asubuhi unakikuta kimekuwa chekundu.